Nimemlipa afisa lishe aje nyumbani kwa baba yangu mgonjwa wa ini, huu ni mwezi wa tano toka aanze kuja, naandika nilichokiona

Habari zenu wapendwa. Mwaka jana nilitafuta sana mtu aliyeandika kuhusu hii huduma kwa Kiswahili nikakosa, kila nilichokuta ni matangazo ya dawa za kusafisha ini, kwahiyo naandika mwenyewe na nitaandika kirefu maana najua kuna mtu yuko nyumbani na mgonjwa wake hajui aanzie wapi.

Mzee wangu ana miaka 61, ini lake lina makovu, hospitali wanaita sirosisi, na limetokana na homa ya ini B aliyokaa nayo miaka mingi bila kujua. Nalisema hili mapema kwasababu ukitaja ini watu wanajibu pombe, na mzee hajawahi kuonja pombe maisha yake yote, maneno ya majirani yamemuumiza kuliko hata ugonjwa. Anatumia tenofovir ya kuzuia virusi, vidonge vya kutoa maji, na laktulosi, dawa ya kulainisha choo. Upande wa dawa sina malalamiko. Kilichokuwa kinatutisha ni mwili. Kila tukienda kliniki anapanda mzani unasoma 64, mwezi unaofuata 64, nesi anaandika uzito uko vizuri, wakati sisi nyumbani tunamuona kwa macho anaisha. Mabega yamebaki mifupa, kwenye panja pamebonyea, pete ya ndoa kaivua kaifunga kwenye leso maana inadondoka akinawa. Kilichojaa ni tumbo na miguu tu.

Afu kuna sehemu tulienda kabla, siitaji, tukaambiwa mzee aache nyama, mayai, samaki, maharage, yaani protini zote, kwasababu alishawahi kuchanganyikiwa mara moja na protini inapanda kichwani. Tukafuata. Miezi miwili mtu mzima anakula uji mweupe, ugali na mchicha, tikiti maji na chai ya rangi. Mama alikuwa anayaficha mayai kwenye debe la mchele ili mzee asiyaone akayatamani. Mpaka leo nikikumbuka hiyo miezi miwili roho inaniuma, na ndo maana hii riviu siiandiki kwa ubaridi.

Huyu afisa lishe nilielekezwa na mama mmoja tuliyekaa nae benchi moja kliniki. Ana shahada ya lishe, katikati ya wiki yuko hospitali, wikiendi anapita majumbani hapa Dar. Jina simuweki maana sijamuomba ruhusa. Kitu cha kwanza kilichonipa imani ni kwamba kabla hajakubali kuja alitaka picha ya majibu ya karibuni na orodha ya dawa zote, na akasema nimwambie daktari wa mzee kwamba tunaanza nae. Mtu wa kubahatisha hawezi kutaka daktari ajue.

Jumamosi ya kwanza alifika, shikamoo baba, akaketi hapohapo kwenye mkeka alipo mzee. Hakutoa mzani wala karatasi ya menyu. Akaanza kumuuliza, baba jana umeamka saa ngapi, umekula nini, saa ngapi, baada ya hapo je. Mzee akawa anajibu taratibu, yeye anaandika. Chakula cha jioni saa kumi na mbili kabla ya magharibi, maana tumbo likijaa maji hawezi kula akalala muda huohuo. Asubuhi anachelewa kuamka, chai saa nne. Basi akachora mstari kwenye daftari toka saa kumi na mbili ya jioni mpaka saa nne ya asubuhi akamgeuzia mzee, akamwambia baba hapa masaa kumi na sita hujaweka kitu mdomoni, na mwili wako hauwezi hata kumi.

Akatueleza hivi na mi nitajaribu kama nilivyoelewa. Ini ndo ghala la sukari ya akiba. Mtu mwenye ini zima akilala usiku ini linatoa ile akiba kidogokidogo mpaka asubuhi. Ini lenye makovu ghala lake ni dogo, akiba inaisha mapema, na ubongo lazima upate sukari, kwahiyo mwili unaanza kubomoa misuli ili utengeneze sukari. Usiku mmoja wa kulala njaa kwa mgonjwa wa sirosisi ni kama mtu mwenye ini zima kukaa siku mbili mpaka tatu bila kula. Kila siku. Mama alishika mdomo. Sisi tulikuwa tunadhani misuli inaliwa na ugonjwa, kumbe sehemu kubwa inaliwa usiku mzee akiwa amelala na sisi tumelala.

Kwahiyo badiliko la kwanza kabisa, kabla ya kununua chochote, likawa chakula cha kulalia. Saa tatu na nusu usiku mzee anapata kikombe kikubwa cha uji wa ulezi uliopikwa kwa maziwa na ndizi mbivu moja, au maziwa na slesi mbili za mkate zilizopakwa siagi ya karanga. Asubuhi akiamka hakuna kusubiri chai ya familia, anakula hapohapo. Alitueleza kuna utafiti ulifanyika Auckland kule New Zealand ukatoka 2008, wagonjwa zaidi ya 100 wa sirosisi walipewa kinywaji cha lishe kilekile kwa mwaka mzima, wengine wanakunywa mchana wengine usiku, waliokunywa usiku ndo walioongeza kama kilo 2 za nyama ya mwili, wa mchana hawakuongeza kitu cha maana. Chakula kilekile jamani, saa tu ndo tofauti.

Sasa kwenye protini ndo palikuwa na kazi, kwasababu ya mama. Mama aliogopa kabisa, akasema mwanangu mi ndo niliyelala nae ile siku anamuita dada yake aliyekufa, siwezi kumrudishia mayai. Na dada wa lishe hakumbishia, alimsikiliza mpaka akamaliza. Ndo akamwambia, mama ile sumu iliyomchanganya baba inaitwa amonia, kawaida ini ndo linaisafisha, ini likichoka msaidizi wake ni misuli, misuli inaikamata amonia inaigeuza kitu kisicho na madhara. Sasa ukimnyima protini misuli inaisha, msaidizi anaondoka, amonia inabaki nyingi zaidi. Na amonia ikizidi yenyewe inazuia misuli isijengeke, kwahiyo ni mzunguko. Akasema ushauri wa zamani ulikuwa kweli ni kupunguza protini, ila 2004 madaktari wa Barcelona walijaribu kuwapa wagonjwa waliolazwa kwa kuchanganyikiwa protini ya kawaida toka siku ya kwanza, hawakukaa vibaya kuliko walionyimwa, na walionyimwa ndo miili yao ilizidi kubomoka. Miongozo ya sasa ya Ulaya na Marekani yote inasema usimnyime.

Akampa mama kazi na hii mi ndo niliyoipenda kuliko zote. Daftari la kurasa mia, kila asubuhi mzee anaandika jina lake kamili na tarehe. Mwandiko ukianza kuyumba, au akianza kulala mchana na kukesha usiku, au mikono ikipigapiga akiinyoosha mbele, hospitali siku hiyohiyo, hamna kusubiri. Na laktulosi isikatwe, choo laini mara mbili mpaka tatu kwa siku. Mama alipata kitu cha kushika badala ya hofu. Mpaka leo daftari liko juu ya friji na ukilifungua kurasa za mwanzo na za sasa unaona tofauti, mwanzo herufi zinapanda mlima, siku hizi zimekaa kwenye mstari.

Vipimo nyumbani. Ule mzani wa 64 alisema unatudanganya, maji yanapimwa kama nyama. Akaangalia tumbo, akabonyeza miguu vidole vikaacha shimo, akatoa asilimia 10 kwa maji ya tumboni na 5 kwa miguu, ikabaki kama kilo 54. Huo ndo uzito wa mzee. Kilo 10 zote tulizokuwa tunapongezana kliniki zilikuwa maji. Akamzungushia tepu ya fundi cherehani katikati ya mkono wa juu, sentimita 22. Akampa kile kidude cha kubana kwa kiganja kinachosoma nguvu, mzee akabana mpaka mdomo ukatetemeka, ikasoma kilo 19, kwa mwanaume wanataka angalau 27. Afu simama kaa kwenye kiti mara tano bila kushika, mzee alifika ya tatu akashika ukuta. Hakuna aliyeongea pale sebuleni kwa muda.

Hesabu yake kwa kilo 54: protini gramu 1.5 kwa kila kilo, karibu 81 kwa siku, na nguvu kama kalori 1,900. Mi nikasikia 81 nikawaza nyama kilo ngapi hizo, na hela iko wapi, ila alivyoipanga kwa chakula chetu ilikaa. Mayai mawili ni 12. Uji wa maziwa 8. Mtindi kikombe saa nne 8. Mchana kunde au mbaazi za nazi kikombe kama 13, wali wake 5. Jioni samaki wa kujaa kiganja 25. Usiku maziwa na mkate 13. Imepita 80. Na anakula kidogokidogo mara sita, sio sahani ya mlima, maana maji yanalikandamiza tumbo anashiba haraka. Siku ambayo samaki hakuna ni dagaa. Hapa wa pwani mnisikie, dagaa wa huku mara nyingi wamechemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa mtu mwenye maji tumboni ni hatari, yeye akatushauri dagaa wa Mwanza wanaoanikwa bila chumvi. Ni wachungu kidogo mama akasema, ila ukiwatoa vichwa na ukawaosha kwa maji moto wanalika vizuri tu.

Chumvi yenyewe ni kijiko kimoja cha chai kwa siku, chakula chote, na vidonge vya mchuzi vimetoka jikoni kabisa. Siku za mwanzo mzee akasusa, chakula hakina ladha. Ikabidi mama arudi kwenye ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari, na tui zito. Na yule dada akasema kitu cha busara, kwamba kama kukosa chumvi kunamfanya asile kabisa, bora chumvi ipande kidogo ale, kwa kuongea na daktari, kuliko abaki na njaa.

Mapungufu yapo na nitayasema. Menyu ya kwanza aliyotutumia ilikuwa na brokoli, samaki salmoni na shayiri ya pakiti, nikamwambia dada angu hapa Mbagala salmoni naitoa wapi. Aliomba radhi akaandika upya, lakini nililipa kwa ziara kamili na ile menyu ya kwanza ilionekana imeandaliwa kwa mtu mwingine. Pili, ukimuandikia katikati ya wiki anaweza kujibu baada ya siku mbili, na mgonjwa wa ini siku mbili ni nyingi. Tatu, bei. Ziara ya kwanza elfu 60, zinazofuata elfu 35, tunalipa mfukoni. Kwa familia nyingi hiyo ni hela ya chakula chenyewe. Mi nimeshauri awe anakutanisha familia tatu nne sehemu moja tuchange, amesema atafikiria.

Ila kuna hela ametuokolea. Kabla hajaja kaka yangu alishanunua kopo la protini ya unga kwenye duka moja la vifaa vya gym kule Kariakoo, laki moja na themanini, na muuzaji akamuongezea bure pakiti za kitu cha kuchangamsha mwili, eti vinaenda pamoja. Dada akalisoma kopo lote, akasema hii ya maziwa yenyewe haina ubaya mkubwa, ni bei tu, hicho mnacholipia laki kiko kwenye mayai na mtindi. Ila zile pakiti alizitenga. Zilikuwa na dondoo la majani ya chai ya kijani, na hilo likikolezwa kwenye vidonge na poda limeshaumiza maini ya watu wenye afya, sembuse lenye makovu. Tukarudisha, duka likakataa kurudisha hela. Jamani msipokee vya bure kwa mgonjwa wa ini. Hata mizizi ya babu, hata chai za kusafisha, uliza kwanza.

Jingine ni unga wa lishe. Tulikuwa tunanunua ule mchanganyiko wa sokoni, mahindi, soya, karanga, ngano, mchele, vyote humo, tukiamini tunamsaidia. Aliuonja kwa ulimi akauliza karanga zilizoingia humu nani alizichagua? Hatujui. Akatukumbusha 2016, watu waliokufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Na hata isipokuua kwa wingi, sumukuvu ya kidogokidogo ukiichanganya na homa ya ini B inapandisha sana hatari ya saratani ya ini, hivyo viwili vikikutana ni vibaya kuliko kila kimoja peke yake. Kukaanga hakuimalizi. Sasa hivi nanunua karanga nzima, nazimwaga kwenye ungo, zilizosinyaa, zilizopasuka, zenye rangi ya kijivu au ukungu zote nje, sizipi hata kuku. Ulezi na soya iliyokaangwa napeleka mwenyewe mashine ya mtaani. Inachukua Jumapili nzima na mgongo unauma lakini nalala na amani.

Ramadhani ndo ilikuwa mtihani wa hii huduma. Mzee hajawahi kuacha kufunga toka utoto kule Pangani, na kile chakula cha usiku alikipenda, ila mwezi ulipokaribia akasema nitakula daku ya kutosha, nitafunga. Daktari alishakataa. Mimi siwezi kumwambia baba yangu asifunge, mama nae hawezi. Dada wa lishe hakuhubiri, alifungua lile daftari lake la siku ya kwanza akamuonyesha ule mstari wa masaa kumi na sita, akasema baba hii ndo ilikuwa inakula mabega yako, tusiirudishe. Akamuomba akaongee na imamu wake, asiamue kwa maneno yake yeye wala ya daktari peke yake. Mzee akaenda. Imamu akamwambia maradhi yasiyotarajiwa kupona yana fidia, alishe masikini mmoja kwa kila siku. Basi mwezi mzima alikuwa anapima mwenyewe ule mchele wa fidia, kila alasiri, anaufunga kwenye mfuko anampa mjukuu apeleke. Alilia siku ya kwanza. Siku ya pili akala uji wake chumbani, mlango umefungwa, na sisi tukamuachia heshima yake.

Mazoezi pia alimpa kwa ruhusa ya daktari, sio ya kunyanyua vyuma. Kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi asubuhi na jioni, na kutembea mpaka msikitini badala ya kupandishwa bodaboda. Misuli bila kutumika haijengeki hata ule nini.

Matokeo mwezi huu wa tano wa huduma. Mzani sasa unasoma 60, umeshuka, na mara ya kwanza ulivyoshuka mama alishtuka mpaka tukamkumbusha maji yamepungua. Mkono toka sentimita 22 mpaka 23 na nusu. Kubana toka 19 mpaka 23, bado chini ya 27 na ametuambia wazi huenda asifike. Kiti, anasimama mara zote tano bila ukuta kwa sekunde 17. Hajachanganyikiwa hata mara moja toka arudi kwenye mayai. Ini lake halijapona, makovu yako palepale, na dada hakuwahi kutuahidi kupona, angeahidi ningemfukuza.

Kwa nani huduma hii inafaa: kama mgonjwa wako mzani hausogei lakini nguo zinampwaya, au kama umeambiwa umnyime protini na hakuna aliyekueleza kwanini, tafuta afisa lishe mwenye cheti, hata wa hospitali ya wilaya, muulize habari ya chakula cha usiku. Kama anatapika damu, amepata homa na tumbo linauma, au amechanganyikiwa, huyo sio wa afisa lishe, huyo ni wa emajensi sasa hivi. Mi nawapa nyota nne kati ya tano, ile moja nimeibakiza kwa ile menyu ya salmoni na majibu ya kuchelewa.

Wiki ijayo mzee anataka kwenda Pangani kumuona dada yake mkubwa, mara ya kwanza ndani ya miaka miwili. Nilimuuliza dada wa lishe kuhusu safari, akasema basi ni masaa mengi asikae tumbo tupu na asile vya stendi vyenye chumvi. Kwahiyo nimenunua chupa ya chai mpya ya lita moja kwa ajili ya uji, mayai manne nitachemsha alfajiri, ndizi mkungu mmoja mdogo, na daftari lake mama kashaliweka kwenye begi na kalamu mbili.